Maswali na Majibu: Faili za Flash Zinazokataa Kufunguka

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti, kwa hiyo nimezikusanya mahali pamoja. Kwanza niondoe mkanganyiko: Flash ninayoizungumzia si ile flashi unayochomeka kwenye kompyuta kuhamishia mafaili. Ni programu-jalizi, yaani kipande cha programu kilichokuwa kikipachikwa ndani ya kivinjari ili kurasa ziweze kuonyesha katuni, michezo, video na masomo ya kubofya. Niliifanyia kazi miaka tisa, kuanzia 2003 hadi 2012, nikitengeneza masomo ya sayansi. Nisomeni mkijua kwamba ninaeleza habari za kitu nilichokipenda.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nina masomo 37 ya Flash niliyoyakusanya kwa miaka mingi. Ninalolipenda zaidi ni la moyo: mwanafunzi akibofya vali, inafunguka na damu inapita. Tangu mwanzoni mwa 2021 kivinjari hakionyeshi kitu. Mwenzangu ananishauri niyafute yote, eti ni takataka za zamani. Nini kilitokea, na je, kuna namna ya kuyafungua?

JIBU: Mwalimu, usifute hata moja. Masomo yako hayajaharibika. Kilichoondoka ni ile programu iliyokuwa ikiyachezesha, na leo ipo nyingine ya kushika nafasi yake.

Flash ilitoka mwaka 1996 ikiitwa FutureSplash Animator, kazi ya kampuni ndogo ya FutureWave aliyoianzisha Jonathan Gay na wenzake. Haukupita muda Macromedia wakainunua na kuipa jina la Flash, na mwaka 2005 Adobe nao wakawanunua Macromedia. Wakati huo wa mwanzo watu waliingia intaneti kwa modemu za simu, na hata ile ya kasi haikuvuka kilobiti 56 kwa sekunde. Picha moja kubwa ilishuka mstari kwa mstari huku ukiitazama. Flash ilikwepa tatizo hilo kwa kutohifadhi nukta za picha. Duara la upana wa nukta 400 kwa 400, ukilihifadhi kama picha ya kawaida, linakuwa na nukta 160,000 za kuhesabiwa. Flash iliandika tu mistari michache iliyopinda, rangi yake na mahali pake, kisha kompyuta yako ikalichora yenyewe.

Na kwenye mwendo ilikuwa vivyo hivyo. Nilipochora vali ya moyo, nilichora fremu ya 1 ikiwa imefungwa na fremu ya 20 ikiwa wazi. Fremu 18 za katikati Flash ilizijaza yenyewe. Ndiyo maana somo zima lenye sauti na maswali liliweza kuwa dogo kuliko picha chache za kamera. Mtu mmoja, akiwa na kompyuta moja, aliweza kutengeneza kitu ambacho zamani kilihitaji chumba kizima cha wachoraji. Anayeita kazi za aina hiyo takataka hajawahi kukaa usiku akisogeza vali fremu kwa fremu.

Tarehe 25 Julai 2017 Adobe walitangaza kwamba wangeacha kuihudumia Flash mwishoni mwa 2020. Tarehe 31 Desemba 2020 ikafika, na kuanzia 12 Januari 2021 matoleo ya mwisho ya Flash Player yakakataa kuchezesha faili lolote. Saa ilikuwa imetegwa ndani ya programu yenyewe. Mwezi huohuo Chrome 88 na Firefox 85 ziliiondoa Flash kabisa. Kwa hiyo hukukosea kitu, wala kompyuta yako haikuharibika.

Sasa tuyafungue. Kwanza, nakili folda nzima ilivyo, usichague faili moja moja. Masomo mengi ya zamani yaligawanywa: faili moja kuu inayoita nyingine za picha, sauti na maswali kwa majina yake. Ukihamisha ile kuu peke yake, somo litaanza vizuri kisha litagota kwenye ukurasa mweupe, nawe utadhani limeoza.

Pili, hakikisha faili ni lenyewe. Chukua moja lenye mwisho wa .swf ulifungue kwa programu ya kuandikia maandishi matupu, kama Notepad. Utaona fujo ya alama, usiogope na usihifadhi chochote. Tazama herufi tatu za mwanzo tu. Zikiwa FWS, ni faili la Flash lisilobanwa. CWS ni lililobanwa, nalo ndilo utakaloliona mara nyingi. ZWS ni la miaka ya mwisho, lililobanwa kwa njia nyingine. Ukiona MZ, hilo ni faili la .exe lenye mchezeshaji wake ndani, na mara nyingi bado linafunguka kwenye Windows bila kivinjari. Ukikuta neno html pale mwanzoni, ulihifadhi ukurasa wa wavuti na si somo. Hilo ndilo pekee ambalo halina somo ndani yake.

Baada ya herufi hizo tatu inafuata alama moja inayobeba namba ya toleo. Haisomeki kama namba. Toleo la 9 huonekana kama pengo pana, kwa sababu ndani ya kompyuta namba 9 ni kitufe cha Tab; toleo la 10 huvunja mstari, kwa sababu 10 ndiyo alama ya mstari mpya. Nakueleza hili kwa sababu lina faida. Toleo la 9, lililotoka 2006, ndilo lililoleta lugha mpya ya kuandikia amri, ActionScript 3. Masomo yaliyotengenezwa kwa matoleo ya kabla ya hapo ndiyo yanayofufuka kwa urahisi zaidi.

Tatu, pakua Ruffle. Ni programu ya bure, iliyoandikwa upya kwa lugha ya Rust na watu wanaojitolea, bila kutumia msimbo wa Adobe. Inalisoma faili la .swf na kulichora yenyewe. Ipo ya kuweka kwenye kivinjari na ipo ya kujitegemea. Kwa masomo yaliyo kwenye folda yako chukua hii ya kujitegemea, ulikokote somo kwa kipanya na kuliachia juu ya dirisha lake. Kazi za ActionScript 1 na 2 inazichezesha vizuri sana. Za ActionScript 3 nyingi zinacheza, nyingine zinakwama hapa na pale.

Mimi nilijaribu somo langu la kupatwa kwa mwezi. Jua likatokea, dunia ikazunguka, kivuli kikaingia pale pale nilipokiweka. Nilinyamaza kidogo pale. Kisha nikaona maandishi ya maswali yamebadilika umbo na mstari mmoja umetoka nje ya kisanduku chake, kwa sababu somo lilitegemea fonti iliyokuwa kwenye kompyuta ya zamani. Kwa hiyo usiridhike na kuona somo limefunguka. Bofya kila kitufe, jibu kila swali, kwanza sahihi kisha kosa, uone kama alama zinahesabika. Usimwachie mwanafunzi agundue kosa.

SWALI: Ofisini tuna mfumo wa zamani wa kutunza kumbukumbu za stoo, nao unafunguka kwa Flash tu. Fundi ametuletea kivinjari cha zamani na Flash Player ya zamani ambayo haina ile saa, na sasa mfumo unafanya kazi. Bosi amefurahi. Mimi nina wasiwasi. Je, ninahangaika bure?

JIBU: Huhangaiki bure, ndugu yangu. Naomba umwonyeshe bosi jibu hili leo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Flash Player haikuwa picha tu inayokaa ndani ya ukurasa. Ilikuwa programu kamili inayopokea amri kutoka tovuti yoyote uliyoifungua, hata kutoka tangazo lililobandikwa pembeni ambalo hukulibofya. Kila mwanya uliogunduliwa ndani yake uligeuka mlango wa kuingilia kompyuta yako. Na mianya haikukauka. Mwezi Julai 2015 kampuni ya Italia iliyoitwa Hacking Team, iliyokuwa ikiuza zana za udukuzi kwa serikali, ilidukuliwa yenyewe na mafaili yake kumwagwa hadharani. Ndani yake ikakutwa mianya ya Flash ambayo Adobe hawakuwa wakiijua. Wahalifu waliichukua na kuanza kuitumia ndani ya siku chache. Mozilla walilazimika kuizuia Flash kwenye Firefox hadi viraka, yaani masasisho ya kuziba mianya, vilipotoka, na Alex Stamos, aliyekuwa mkuu wa usalama wa Facebook, akawataka Adobe hadharani watangaze siku ya kuizima.

Wakati huo Flash bado ilikuwa na wahudumu wake, na viraka vilitoka. Hiyo mliyowekewa ninyi haina mtu. Mwanya ukigunduliwa kesho, hakuna kiraka kitakachokuja, si kesho wala mwakani. Na kivinjari hicho cha zamani kina mianya yake pia. Adobe wenyewe waliwaomba watu wote waiondoe Flash Player kwenye kompyuta zao.

Mimi hili lilinipata. Mwaka 2010 kompyuta niliyokuwa nikiifanyia kazi iliambukizwa kupitia tangazo la Flash kwenye ukurasa wa habari, nikiwa sijabofya kitu. Siku tatu zilikwenda nikifuta na kusakinisha kila kitu upya, na kazi ya wiki moja ikapotea. Flash yangu wakati huo ilikuwa nyuma kwa sasisho moja tu. Yenu iko nyuma milele.

Najua huwezi kufunga stoo kwa sababu ya barua ya gazetini. Basi anzeni hivi: kompyuta hiyo moja iwekwe kando, ikatwe intaneti kabisa, izungumze na seva ya mfumo tu. Isisomewe barua pepe, isichomekwe flashi za watu. Huo ni msaada wa wiki chache wa kuwavusha, siyo suluhisho.

Kisha mwiteni aliyeutengeneza mfumo, au mtu mwingine anayejua hifadhidata, mumwulize swali moja: data zetu ziko wapi? Watu wengi hudhani data zimo ndani ya Flash. Sivyo. Flash ilikuwa uso tu, dirisha la kuandikia na kusomea. Idadi ya mizigo, tarehe na majina vimekaa kwenye hifadhidata nyuma ya seva, na vinaweza kutolewa hata sasa vikaingizwa kwenye jedwali la kawaida. Mkishazishika data zenu, kuzitengenezea uso mpya si kazi ya kutisha.

Na msione haya, hamko peke yenu. Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, SARS, ilifika Januari 2021 ikiwa na fomu za kodi ambazo bado zilihitaji Flash. Ikabidi itoe kivinjari chake yenyewe ili walipakodi waweze kuzijaza. Tangazo lilikuwa limetolewa zaidi ya miaka mitatu kabla.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Wenzangu wanasema Steve Jobs wa Apple ndiye aliyeiua Flash kwa sababu ya ugomvi wake na Adobe. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Alichangia sana, lakini huwezi kumbebesha peke yake.

iPhone ilitoka 2007 bila Flash, na Aprili 2010 Jobs akaandika barua ya wazi kueleza sababu. Wengi wanakumbuka ukali wake na kusahau hoja. Moja ilikuwa ya betri: alisema video inayofunguliwa na chipu maalumu ya simu huweza kucheza hadi saa 10, na ile inayofunguliwa kwa programu tupu haifiki 5. Hoja nyingine ilinichoma mimi binafsi, kwa sababu ilikuwa kweli tupu. Kazi nyingi za Flash zilitegemea kipanya kuelea juu ya kitu kabla ya kubofya. Ndivyo nilivyotengeneza masomo yangu: ukipeleka mshale juu ya ini, jina la ini linatokea. Kidole hakielei. Kinagusa au hakigusi. Nilipoisoma barua ile nilifungua masomo yangu moja baada ya jingine nikahesabu yatakayotumika kwenye simu bila kuandikwa upya. Hayakufika hata robo.

Adobe walijaribu. Waliipeleka Flash kwenye simu za Android mwaka 2010, na Novemba 2011 wakatangaza wanaiacha kazi ya Flash kwa vivinjari vya simu. Kwangu mimi siku hiyo ndiyo iliyoamua mambo, kuliko barua ya Jobs. Watu walikuwa wanahamia kwenye simu kwa mamilioni, na huku nyuma vivinjari vilikuwa vinajifunza kucheza video na kuchora mwendo vyenyewe kwa HTML5, kiwango cha wazi cha kutengenezea kurasa za wavuti kilichokamilishwa rasmi Oktoba 2014. YouTube, iliyoanza 2005 ikitegemea Flash kuonyesha video zake, ilihamia HTML5 kama njia yake ya kawaida Januari 2015. Dalili ya mvua ni mawingu, na hayo hayakuwa mawingu madogo.

Jambo moja lililo kweli katika maneno ya wenzako ni hili: Flash ilikuwa mali ya kampuni moja. HTML5 haina mwenyewe mmoja. Kampuni ikichoka nayo, vivinjari vingine vinaendelea. Ukichagua zana ya mradi wako wa chuo, ulizia hilo mapema kabla hujaangalia uzuri wa vitufe vyake.

SWALI: Je, Java ya kwenye kivinjari na Silverlight nazo zimekwenda njia hiyohiyo?

JIBU: Ndiyo, na kwa sababu zilezile. Chrome iliufunga mlango wa programu-jalizi za mtindo wa zamani Septemba 2015, na Firefox ikafuata Machi 2017, ikiiruhusu Flash peke yake. Silverlight, programu-jalizi ya Microsoft iliyoshindana na Flash, ilifika mwisho wa huduma Oktoba 2021. Usichanganye na JavaScript, hiyo ni lugha nyingine na ipo hai kwenye karibu kila ukurasa unaoufungua. Java yenyewe pia ipo na inatumika sana. Iliyoondoka ni ile ya kupachikwa ndani ya ukurasa.

SWALI: Kaka yangu amefariki. Alikuwa mchoraji wa katuni, na kwenye kompyuta yake nimekuta folda yenye mafaili mengi ya .fla na machache ya .swf. Sijui kompyuta sana. Ningependa watoto wake wazione kazi zake. Nianzie wapi?

JIBU: Pole sana, dada yangu.

Anza kwa kunakili folda yote kwenye vifaa viwili tofauti, kimoja ukampe mtu mwingine wa familia akutunzie. Usibadilishe jina la chochote. Kompyuta za zamani hufa bila kuaga.

Faili la .swf ndiyo katuni iliyokamilika, kama picha iliyokwisha kusafishwa. Hayo machache yafungue kwa Ruffle kama nilivyomweleza mwalimu hapo juu. Watoto wataweza kuyatazama leo hii. Faili la .fla ni meza ya kazi ya kaka yako: michoro yake yote, tabaka zake, sauti, hata alivyovijaribu akaviacha. Ruffle haiyafungui hayo. Yanafunguliwa na programu aliyochorea, ambayo Adobe waliibadilisha jina mwaka 2016 ikawa Adobe Animate. Mtafute mchoraji au mwalimu wa michoro anayeitumia, akufungulie na kukutolea video za kawaida ambazo simu yoyote itaonyesha.

Kuna jambo unaloweza kulifanya mwenyewe. Mafaili ya .fla yaliyohifadhiwa kwa programu ya kuanzia 2010 kwa kweli ni folda iliyofungwa kwa zip. Tengeneza nakala ya faili moja, na kwenye nakala hiyo tu, badilisha mwisho wa jina kutoka .fla kuwa .zip, kisha ulifungue. Likifunguka, ingia kwenye folda iitwayo LIBRARY. Humo utakuta orodha ya vitu alivyovitumia, kwa majina aliyoyapa yeye mwenyewe. Nakuomba uyasome majina hayo taratibu. Mimi mafaili yangu ya .fla niliyafuta 2009 nikidhani .swf zinatosha, na ninachokikosa kuliko vyote ni majina yale: mkono_wa_kulia, wingu_baya, wingu_zuri, jicho_likifumba. Likikataa kufunguka, ni la miaka ya nyuma zaidi, halijaharibika; liache kama lilivyo mpaka umpate huyo mchoraji.

Familia ikiridhia kazi zake zionekane na wengine, Internet Archive imekuwa ikipokea katuni za Flash na kuzichezesha ndani ya ukurasa kwa Ruffle tangu Novemba 2020. Unapopakia, pana mahali pa kuandika jina la aliyetengeneza. Andika la kaka yako kwa ukamilifu wake, pamoja na mwaka kama unaujua. Tarehe iliyo kwenye faili itakusaidia. Na ukikwama kwenye ile zip, niandikie unieleze ulichokiona kwenye kioo, neno kwa neno, tutaendelea kuanzia hapo.